Miguu Minne Inayovuta kwa Miwili

Sogeeni karibu, ndugu zangu wa milimani, na ninyi wa tambarare mnaodhani haya hayawahusu. Mimi ni Koleta, yule wa kibanda cha chai pembeni ya zahanati ya Mvungwe, kitongoji chetu kilichojibana bondeni chini ya Vudee. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki. Leo nitajitahidi kwenda taratibu, maana nyumba nitakayoisema ni ya jirani zangu, na jikoni kwao nimeota moto miaka mingi kuliko jikoni kwangu.

Nianze na siku njema, ili mjue kilichopotea. Kilikuwa kiangazi. Agatha, mke wa Mzee Aminieli, alikuwa ameinjika makande tangu alfajiri, na harufu yake ilikuwa imenitoa kibandani bila kualikwa. Mkwewe Esta alikaa mkekani akichambua maharage, tumbo limemtangulia, miguu imevimba kidogo. Clemence, mume wa Esta na mtoto pekee wa nyumba ile, alikuwa juu ya kenchi za nyumba mpya aliyokuwa akijengewa na baba yake hapo hapo chini ya kiwanja, anapigilia misumari na kuimba pambio la kanisani kwa sauti mbaya. Tulikuwa tunamcheka. Tulibishana kuhusu jina la mtoto: Agatha anataka la mama yake, Esta anasema akiwa wa kike ataitwa Agatha na akiwa wa kiume ataitwa Aminieli, hakuna mjadala. Agatha akajifanya kukasirika, huku meno yote yako nje.

Kisha tukasikia mngurumo, na Mzee Aminieli akatokea mgombani juu ya Miguu Minne, tela limesheheni mbao mpaka linayumba. Alikuwa anatabasamu. Sikumbuki kumwona mwanamume mwenye furaha kama yule siku ile. Na kumbe ubaya wenyewe ndio ulikuwa unaingia hapo kiwanjani, nasi tunausogezea kigoda.

Miguu Minne ni nini? Wenyeji mnisamehe, nawaambia wageni. Ni ile pikipiki ya magurudumu manne, matairi mapana yenye meno, tuliyopewa na marafiki wa usharika wetu walioko ng'ambo. Ilikuja na tela dogo lenye kitanda kilichochomelewa, kazi yake moja tu: kumpandisha mgonjwa kutoka bondeni mpaka barabara ya changarawe ya Vudee, ambako gari la wagonjwa linaweza kufika. Kwa kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukifika penye tope au mlima, unabonyeza swichi ya manjano kwenye usukani, taa ndogo ya kijani inawaka, na hapo magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Yale ya nyuma yakikwama, ya mbele yanaitoa. Ndiyo uzuri wake wote.

Siku ilipoletwa ilikuwa masika, na Loth, kijana wetu aliyefundishwa kuiendesha, aliipandisha Mlima Mwekundu mbele ya macho yetu. Mlima Mwekundu mnaujua: mfinyanzi mtupu, ukinyesha mvua hata mbuzi anatafuta pa kupita pengine. Loth aliwapakia wazee wa kanisa wawili wanene kwenye tela, akabonyeza swichi, taa ikawaka, na mashine ikapanda taratibu, matairi ya mbele yakiuma udongo, mpaka kileleni. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilitoa chai bure, jambo ambalo sijalirudia.

Sasa sikieni tulivyokuwa tunaishi kabla ya hapo. Mgonjwa akizidiwa, pembe ilikuwa inapigwa. Kila nyumba yenye mwanamume mwenye nguvu ilikuwa na zamu ya machela. Pembe hiyohiyo ndiyo iliyotuita kwenye msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzibua ndiva, bwawa letu la maji ya shamba, na kuchimba mifereji ya kutoa maji kwenye njia ya mlimani. Ukiisikia unatupa jembe, unakwenda. Asiyekwenda alikuwa anasemwa mpaka anahama njia ya kisimani kwa aibu. Hakuna aliyeipenda machela, ilikuwa inakata mabega. Lakini mgonjwa alikuwa anafika.

Miguu Minne ilipopanda ule mlima siku ile, tukaona yametuishia mateso. Mifereji ya nini tena, na mashine inapanda popote? Msaragambo wa njia ukafa. Ule wa ndiva ukabaki, maana maji ya shamba kila mtu anayaona. Machela ikalala zahanati msimu mzima, halafu Agatha akaliomba turubai la machela aanikie tangawizi, akapewa bila swali. Miti yake miwili sijui ilikwenda wapi. Nadhani inabebea maharage shambani kwa mtu.

Mzee Aminieli tulimchagua sisi wenyewe awe mwenyekiti wa kamati ya mashine, na funguo zikakaa kwake. Nasema bila kuficha: hakuwa mwizi. Ni mtu wa ibada ya kwanza kanisani, mtu wa shikamoo yenye uzito. Alianza na ubao mmoja. Clemence na Esta walikuwa wanalala chumba kimoja cha nyumba ya wazee, mtoto anakuja, na mzee alitaka mjukuu wake azaliwe akute nyumba yake. Mbao ziko juu msituni, nyumba iko bondeni, mashine imekaa bure. Akabeba ubao mmoja. Kesho yake akabeba nyingi. Akajifunza kuendesha mwenyewe, na kwa kuwa njia ya msituni ina mawe, alikuwa anaacha swichi ya mbele imewashwa kutwa nzima, juu ya mwamba mkavu, na mzigo wa kumvunja ng'ombe mgongo.

Watu walinung'unika. Mimi nilinung'unika kuliko wote, ila kwa wateja wa chai, si kwenye mkutano. Kwenye mkutano hakuna aliyesimama, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshamwomba Mzee Aminieli amteremshie gunia la tangawizi.

Basi mipira inayofunika viungo vya ekseli za mbele ikachanika. Grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Mashine ikaanza kulia kra, kra, kra kila ikikata kona. Mzee akaiteremsha Same mjini kwa fundi mmoja anaitwa Hamidu, na haya nayajua kwa sababu baadaye Hamidu mwenyewe alipanda kuja msibani akayasema. Alimwambia mzee kwamba viungo vimekwisha, zinatakiwa ekseli nyingine za kuagiza. Anaweza kuzichomoa hizi mbovu, aikunje mipira vizuri tope lisiingie, na mashine itatembea kwa magurudumu ya nyuma. Kwenye ukavu hakuna atakayejua tofauti. Akaongeza jambo moja: taa ya kijani itaendelea kuwaka, maana taa inafuata swichi tu, haijui kama kuna ekseli huko chini. Kwa hiyo awaambie watu wake kwamba mvua zikianza mashine isipandishwe mlimani.

Mzee akamjibu, "Nitawaambia."

Hakutuambia. Angeanzaje? Angesema mbele haivuti, tungeuliza imeharibikaje. Angetaja mbao, na mbao ni nyumba ya mwanawe, na nyumba imebakiza milango. Akajiambia nyumba ikiisha ataagiza ekseli, zitafungwa kimyakimya, na hakuna mtu atakayepata hasara. Zile mbovu akazifunga kwenye gunia akazisukumia nyuma ya ghala la ndizi. Na kweli, kiangazi chote kilichobaki mashine ilitembea. Ilibeba mbao, ikabeba mgonjwa wa malaria, ikambeba bibi mmoja aliyevunjika nyonga, na hakuna aliyejua tofauti.

Vuli ikaanza.

Mwaka huu haikuja kwa manyunyu. Mawingu yalikaa juu ya mlima Shengena yakakataa kuondoka, mvua ikanyesha mchana na usiku mpaka kuta za jikoni kwangu zikaanza kutoa ukungu. Loth alikuwa kule chini Maore kwenye vibarua vya mpunga tangu kiangazi, akarudi mvua zilipochanganya. Aliichukua mashine akaizungusha kiwanjani kuijaribu, akashangaa usukani umekuwa mwepesi. Mzee Aminieli akamwambia imefanyiwa sevisi. Loth akafurahi. Kwa nini asifurahi?

Uchungu wa Esta ulianza asubuhi, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Muuguzi wetu Nasrin, binti wa watu wa Same mjini tuliyempenda kwa upole wake, alimpokea zahanati akicheka naye. Baada ya muda akatoka nje, hacheki. Akamwita Clemence na wazee wake pembeni, nami masikio yangu hayakuwa mbali. Mtoto alikuwa ametanguliza mkono. Hapo zahanati hawezi kumzalisha, lazima akapasuliwe Same, na damu imeanza kutoka. Alikuwa ameshapiga simu, gari la wagonjwa liko njiani litasubiri juu kwenye changarawe, haliwezi kushuka huku. "Tukiwahi, wote wawili tunao," akasema. "Tukichelewa, sitaki kusema."

Kwa hiyo mjue jambo lilikuwa ni moja: kumfikisha Esta juu kwenye changarawe kabla damu haijamwishia.

Njia za kutoka bondeni ni mbili. Ipo njia ya Ndiva, inayozunguka na mfereji, ndefu lakini ya mawe na haina mwinuko mkali. Hiyo hata magurudumu mawili yanapita, ukiwa na subira. Na upo Mlima Mwekundu, mfupi, ambao siku ya mvua unataka magurudumu yote manne yavute au usiuguse.

Tulimlaza Esta kwenye tela. Nasrin akapanda akakaa karibu na kichwa chake. Loth akawasha, akabonyeza swichi ya manjano, na taa ya kijani ikawaka. Akamgeukia mwenye funguo.

"Mzee, mbele inavuta vizuri? Kama ina tatizo niambie nizunguke na Ndiva."

Tulikuwa wengi pale. Wilbard mpiga pembe alikuwapo, wazee wa kanisa walikuwapo, na mimi na birika langu. Mzee Aminieli alituangalia mmoja mmoja. Aliponifikia mimi macho yake yalisimama kidogo. Najua alichokuwa anakiona. Alikuwa anaona midomo yetu itakavyofunguka, na heshima ya miaka yote inavyomwagika pale zahanati mbele ya mkwewe. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Angesema tu, haivuti, pita Ndiva.

"Taa si unaiona, Loth," akasema.

Esta naye akasikia. Alikuwa ameng'ata ncha ya kanga, akaitoa mdomoni. "Kama inawaka twende mlimani, baba," akamwambia baba mkwe wake. "Njia ya Ndiva ni ndefu, sitaiweza."

Mzee akamfunika miguu na blanketi, akalipenyeza chini ya visigino ili lisipeperuke. Akasema, "Twendeni."

Ndugu zangu, ngojeni nisogeze birika motoni.

Tulifuata kwa miguu, Clemence mbele, mzee nyuma yake, Agatha amenishika mkono. Sehemu ya chini ilikwenda. Kona ya kwanza ilikwenda, kwa kuyumba. Maji yalikuwa yamechonga mahandaki katikati ya njia, mahali ambapo zamani msaragambo ulikuwa unachimba mifereji ya kuyatoa. Kwenye kona ya pili, palipo na mwinuko wenyewe, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bila kwenda. Loth akatia gia nzito, akaongeza moto wa injini polepole kama alivyofundishwa. Matairi ya nyuma yakachimba, yakaturushia tope mpaka kifuani. Akakata usukani kulia, akakata kushoto, na mashine haikumsikiliza, pua yake ikabaki imetazama palepale.

Loth akamwambia Clemence ashike usukani na kutia moto kidogo. Yeye akashuka, akachuchumaa mbele. Nilimwona anaweka kiganja juu ya tairi la mbele. Nyuma kulikuwa kunanguruma na kurusha tope, na lile tairi chini ya mkono wake lilikuwa limetulia kabisa. Akalala chali kwenye maji mekundu, akapitisha mkono chini ya bamba, akapapasa. Akanyanyuka taratibu.

"Mzee, ekseli ziko wapi?"

Mzee Aminieli alikuwa amesimama ameshika kofia. Mvua ilikuwa imeanza tena, inamtiririka usoni.

"Nilitaka nyumba iishe kwanza," akasema.

Clemence aliachia usukani. Alimwangalia baba yake, na sikuona hasira usoni mwake, niliona mtu anayejaribu kuelewa maneno ya lugha asiyoijua. Ndipo tela likaanza kuteleza. Uzito wake ukaivuta mashine nyuma, likalala ubavu kwenye handaki, na Esta akapiga ukelele, wa kwanza tangu asubuhi. Nasrin alikuwa amemkumbatia wasianguke chini.

"Mtaulizana baadaye," Nasrin akatuambia kutoka ndani ya lile handaki. "Leteni machela."

Tukatazamana. Machela. Agatha akaziba mdomo kwa mikono miwili. Turubai lilikuwa kwake, kiwanjani, limefunikia tangawizi isinyeshewe.

Wilbard alikimbia kushuka kwenda kupiga pembe. Aliipiga, tuliisikia kutoka mlimani, ikilia bonde zima. Zamani ungeona watu wanamiminika kutoka kwenye migomba ya pande zote. Siku ile walitoka mlangoni, wakasikiliza, wakaambiana kwamba itakuwa ni msaragambo, ndiva imejaa, mtu gani anakwenda ndiva na mvua hii? Kama ni mgonjwa, si ipo Miguu Minne? Wakarudi ndani kuota moto. Walioniambia haya ni wao wenyewe, wakilia. Waliokuja walikuwa wachache, wengi wao wazee, na walikuja wakitembea.

Tulimbeba kwa blanketi. Loth na Clemence mbele, mzee Aminieli na mimi nyuma, wengine wakishika kandokando. Mfinyanzi ulikuwa unatunyang'anya miguu. Tunapanda kidogo, mmoja anateleza, blanketi linainama, tunasimama. Damu ilikuwa inapita kwenye blanketi inachanganyika na maji mekundu ya njia, huwezi kujua ipi ni ipi. Mzee hakuwa akilia. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kurudia neno moja, "Mwanangu, mwanangu."

Esta akafumbua macho. Kichwa chake kilikuwa upande wetu, akamwona baba mkwe wake juu yake.

"Baba, tumeshapanda?"

"Tumeshapanda, mwanangu," akamjibu. "Tumefika."

Hatukuwa tumefika hata kona ya tatu. Esta akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Aliondoka akiamini amefika. Hilo mimi linaninyima usingizi kuliko yote, kwamba mara zote mbili alimsikiliza yeye, na mara zote mbili alimwamini.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, limegeuzwa tayari, milango ya nyuma iko wazi. Dereva alitukimbilia akashika pembe ya blanketi. Nasrin akasema tumlaze kwanza. Akainama, akaweka sikio kifuani kwake, akaweka tena. Akapeleka kiganja tumboni, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akamvutia kanga mpaka usoni, akakaa chini kwenye changarawe na sare yake nyeupe.

Tulimzika na mtoto wake tumboni. Wapo waliouliza kama angepita Ndiva angepona. Sijui. Nasrin naye anasema hajui. Tunachokijua ni kwamba hakupewa nafasi ya kuchagua njia kwa ukweli.

Baada ya msiba Clemence aliteremka Maore. Hakugombana na baba yake. Alimpa mkono mama yake, akabeba begi, akapita pembeni ya nyumba yake mpya bila kugeuza shingo. Nyumba iliisha kweli, mjue. Mzee aliitia milango na madirisha, akapaka chokaa, na kila asubuhi anaifungua na kuifagia, na jioni anaifunga. Hakuna anayelala ndani. Agatha alilifua lile turubai, akaliosha na kuliosha, akalirudisha zahanati limekunjwa vizuri. Tangu siku hiyo hajainjika makande. Wanakula wakiwa wamepeana mgongo, na ukienda kuwasalimia wanakujibu vizuri tu, kisha unakaa mpaka unachoka na ule ukimya.

Mkutano uliitishwa. Siku hiyo kila mtu alisimama, hata wale wa magunia. Mzee Aminieli alisema yote mwenyewe, amesimama wima, hakuomba huruma. Tukamvua uenyekiti. Tukaazimia ekseli ziagizwe, msaragambo wa njia urudi, machela ipate miti mipya na zamu ziandikwe upya. Tulipiga makofi, nakumbuka. Wilbard alipopiga pembe ya msaragambo wa kwanza tulikwenda wengi. Wa pili tukapungua. Siku hizi akipiga wanakwenda yeye na Loth na mzee Aminieli, ambaye anachimba mifereji kimya mpaka giza linaingia, na mvua moja ikipita inaifukia. Ekseli bado zinazungumziwa. Miti ya machela haijakatwa.

Na Asteria, mke wa Loth, ana mimba. Tumbo limeanza kumtangulia.

FUNZO

Msiseme funzo la habari hii ni Mzee Aminieli. Huko ndiko tunakopenda kukimbilia, tumtupie mmoja mzigo ili sisi tutembee wepesi. Yeye alichukua mali ya wote akaijengea nyumba ya mwanawe, na akaona afadhali mkwewe apande mlima kuliko yeye ashuke heshima. Alilipa, na bado analipa. Anayetunza kitu cha wote akijua kimeharibika, alitaje siku hiyohiyo, na aibu imkute akiwa na watu wake wazima. Aibu inaisha. Nimeona wangapi wamesemwa na kesho yake wanakunywa chai kwangu.

Lakini sisi tuliobaki tuna letu. Tulipewa mashine ya kutusaidia kubeba, tukadhani tumepewa ruhusa ya kuacha kubebana. Tukaacha mifereji ijifukie, tukagawa turubai, tukasikia pembe tukarudi kuota moto. Miguu Minne ilinyang'anywa magurudumu mawili na mzee mmoja. Kitongoji kizima kilijing'oa magurudumu yake chenyewe mapema zaidi, bila fundi.

Kwa hiyo unayenisikiliza, ukiambiwa kitu cha kijiji chenu kiko sawa, usitosheke na kuambiwa. Inama, shika tairi kwa mkono wako uone kama linazunguka. Na pembe ikilia, toka.

Jana nilipita pale zahanati, mashine imeegeshwa chini ya bati, kuku wanalala kwenye tela. Juu ya Shengena mawingu yameanza kukaa. Nikazungusha funguo, siku hizi zinakaa hapohapo, nikabonyeza ile swichi ya manjano. Taa inawaka vizuri kabisa.